Jinsi ya kuandika wasifu wa rubani mstaafu wa jeshi aliyekuwa pia mhandisi

Wasifu wa marehemu huandikwa kwa haraka, mara nyingi usiku wa kuamkia maziko, na anayeandika ni mjukuu mwenye kompyuta ambaye hajawahi kumuuliza babu yake alikuwa anarusha ndege gani. Ndiyo maana nyingi zinafanana: alizaliwa, akasoma, akajiunga na jeshi, akawa rubani hodari, akastaafu, ameacha mjane na watoto. Hakuna uongo hapo, ila maneno hayo yangemfaa yeyote aliyewahi kuvaa gwanda.

Rubani wa jeshi ni mmoja wa watu wachache ambao kazi yao imeandikwa safari kwa safari, kwa mkono wao wenyewe, na mkubwa wao akatia sahihi. Akiwa mhandisi pia, ameacha michoro, hesabu na vitu ambavyo huenda bado vinafanya kazi. Anza na makaratasi hayo. Sifa zitajileta zenyewe.

Kukusanya

Kitu cha kwanza kutafuta ni daftari la rubani, ambalo wengi huliita logibuku: kitabu chenye jalada gumu, kipana, kurasa zake zimegawanywa kwa safu nyingi za wima. Likijaa, rubani huanza jingine na kuhamishia jumla ya saa kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo ukikuta daftari linaloanza na saa 1,900, jua lipo jingine kabla yake. Pamoja na hilo, tafuta hati ya kuondoka jeshini, vyeti vya kozi, leseni za urubani wa kiraia kama alizichukua baadaye, vyeti vya afya ya marubani, karatasi zilizoambatana na nishani, na bahasha yoyote yenye michoro.

Tahadhari kabla hujafungua masanduku yote. Watu wa anga hupenda kubaki na dira, saa na mita zilizotoka kwenye ndege. Vifaa vya zamani, hasa vya miaka ya 1940 na 1950, tarakimu zake mara nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu ili zionekane gizani. Rangi huacha kung'aa, lakini radiamu haijaenda popote: huchukua miaka 1,600 hivi kupungua kwa nusu. Kioo kikiwa kizima, kiweke kifaa mbali na chumba cha kulala, basi. Kioo kikiwa kimepasuka, usikifungue wala kukipuliza vumbi. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, nawa mikono, kisha uliza mamlaka inayosimamia mionzi. Fataki za ishara na vilipuzi vidogo vya kiti cha kujirusha, yaani kiti kinachomtupa rubani nje ya ndege wakati wa hatari, havishikwi kabisa. Hapo ni kuita polisi au jeshi.

Nishani nazo usizisugue zing'ae. Baadhi zina jina na namba ya askari vilivyochorwa kwenye ukingo, na dawa ya kung'arisha hula maandishi hayo taratibu. Piga picha mbele, nyuma na ukingoni, huku mwanga ukitoka ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Utepe usiufue.

Kusoma logibuku

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mstari mmoja hueleza safari moja: tarehe, aina ya ndege, namba ya ndege, nani alikuwa rubani mkuu, nani mwingine alikuwamo, kazi iliyofanywa, na saa. Saa zenyewe hugawanywa tena: mchana na usiku, rubani mkuu na rubani wa pili, za kuongozwa na vyombo pekee bila kuona nje, na za mafunzo chini ya mwalimu. Wapo wanaoandika safari za usiku kwa wino mwekundu. Usiutafsiri wino huo kuwa ni hatari au vita kabla hujasoma safu ya kazi.

Kosa linaloongoza ni la nukta. Saa 1.3 ni saa moja na dakika 18, kwa sababu kila sehemu ya kumi ya saa ni dakika sita. Lakini 1.30 katika daftari jingine ni saa moja na nusu. Majeshi hayakufuata mtindo mmoja, na hata rubani mmoja aliweza kubadili mtindo alipohamia kikosi kingine. Kuna namna rahisi ya kujua: baada ya nukta kukiwa na tarakimu moja, na unaona .7, .8 na .9, hizo ni desimali. Kukiwa na tarakimu mbili, unaona .45 na .55 lakini huoni kamwe .60 au zaidi, hizo ni dakika. Jedwali la kompyuta nalo lina mtego wake. Ukijumlisha saa na dakika, jumla ikivuka 24 kompyuta huanza upya kana kwamba ni siku mpya; rubani wa saa 3,400 anageuka wa saa 16. Badili muundo wa seli uwe [h]:mm, au geuza kila kitu kuwa dakika, jumlisha, kisha gawanya kwa 60.

Usiamini jumla iliyo chini ya ukurasa bila kuikagua. Ziliandikwa kwa mkono, jioni, na mtu aliyechoka. Linganisha mstari wa mwisho wa kila ukurasa na mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata. Kosa la saa kumi likiingia mwaka wa tatu husafiri hadi mwaka wa kustaafu. Ukilikuta, usifute wala kuandika juu yake. Andika jumla sahihi kwenye karatasi yako, na ndani ya wasifu sema "zaidi ya saa 3,300".

Mtego mwingine unamhusu hasa anayeandika Kiswahili. Safari nyingi za kijeshi huandikwa kwa saa ya dunia, yenye herufi Z mwishoni. 2300Z mahali palipo saa tatu mbele ni saa nane usiku, na tarehe imeshageuka. Mkanganyiko huanzia hapo: daftari linasema tarehe 11, familia inakumbuka tarehe 12, na wote wako sahihi. Andika "usiku wa kuamkia tarehe 12, saa nane", na kila msomaji ataelewa. Tarehe za tarakimu tupu kama 03/04/78 zikague dhidi ya mistari iliyo juu na chini yake, maana wengine hutanguliza mwezi.

Sasa soma safu ya wajibu kwa makini kuliko zote. Mtu kuwa na jina la ndege kwenye daftari lake hakumaanishi kwamba aliirusha. Huenda alikuwa mwanafunzi, mwalimu aliyekaa kiti cha nyuma, au abiria aliyekwenda kukagua injini iliyoharibika kituo kingine. Andika "alirusha" kwa zile alizokuwa rubani mkuu au wa pili, "alifundisha" kwa zile alizokuwa mwalimu, na nyingine ziache. Herufi za mwisho za jina la ndege husaidia: ndege ya kivita ya F-5E ina kiti kimoja, F-5F ina viwili. Jina la "F-5E" likiwa na watu wawili kwenye mstari mmoja, mmoja wao ameandikwa kimakosa au herufi imekosewa.

Saa hazilinganishwi kienyeji kati ya aina za ndege. Saa 2,000 za ndege ya kivita, safari moja ikiwa saa moja na dakika chache, ni kupaa na kutua karibu mara 1,800. Saa 5,000 za ndege ya mizigo, safari moja ikichukua saa tano, ni mara 1,000. Ukiandika saa peke yake, waombolezaji watadhani wa pili alihangaika zaidi. Hesabu pia miruko.

Kisha tazama mapengo. Mwezi bila safari hata moja, au mwaka mzima, una sababu yake: kozi, ugonjwa, ajali, kesi, au masomo ya chuo kikuu. Kwa mtu aliyekuwa rubani na mhandisi, pengo refu mara nyingi ndilo lenye shahada. Linganisha na tarehe ya cheti chake. Zikikubaliana, umepata mahali ambapo kazi zake mbili zinaungana, na hapo ndipo wasifu mzuri hupata uti wa mgongo.

Katika majeshi yaliyofuata utaratibu wa Uingereza, daftari hubandikwa kila mwaka tathmini ya mkuu wa kikosi. "Wastani" hapo si tusi. Ni daraja la wengi. "Juu ya wastani" ni sifa ya kweli ambayo unaweza kuinukuu ilivyo, pamoja na mwaka wake. Haina haja ya kuongezewa chumvi.

Daftari lisipopatikana, usikate tamaa. Fomu za kuomba leseni ya kiraia humtaka mwombaji ataje jumla ya saa zake kwa tarehe fulani. Vikosi navyo viliandika kumbukumbu za kila siku. Za vikosi vya anga vya Uingereza ziko katika hifadhi ya taifa pale Kew, London, mfululizo wa AIR 27. Aliyetumikia Marekani, hati yake ya kuondoka jeshini ni DD 214, na jalada lake huombwa kituo cha kumbukumbu cha St. Louis. Fahamu tu kwamba tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza sehemu ya jengo hilo na majalada takriban milioni 16 hadi 18 yakapotea, yakiwemo mengi ya wanaanga walioondoka jeshini kati ya Septemba 1947 na Januari 1964. Ukijibiwa kwamba jalada halipo, haina maana kwamba mzee alidanganya.

Vyeo

Neno "kapteni" lina maana tatu, na zote tatu huweza kuwa kwenye karatasi za mtu mmoja. Ni cheo cha jeshi la nchi kavu, chini ya meja. Ni mkuu wa ndege katika safari fulani, awe na cheo chochote. Tena ni kipande cha cheo cha Group Captain kinachotumika katika majeshi ya anga ya mtindo wa Uingereza, ambacho ni sawa na kanali. Anayemwita Group Captain "Kapteni" kwenye wasifu amemshusha vyeo vitatu mbele ya jeneza lake, na wenzake waliokaa mstari wa mbele watanung'unika. Air Commodore ni ngazi ya brigedia. Kama hujui, acha cheo katika lugha yake ya asili.

Tumia cheo alichokuwa nacho wakati wa tukio unalolisimulia, na cheo cha mwisho kwenye kichwa cha wasifu tu.

Upande wa uhandisi

"Mhandisi" nalo ni neno pana mno. Yupo anayekaa ndani ya ndege angani akisimamia injini na mafuta. Huyo ni sehemu ya wafanyakazi wa safari. Yupo msimamizi wa matengenezo, anayeamua kama ndege iruke au ibaki chini, na sahihi yake ndiyo rubani anayoitegemea. Yupo msanifu wa vyombo au miundo. Na yupo rubani wa majaribio mwenye elimu ya uhandisi, anayerusha ndege ili kupima. Vyeti vitakuambia ni yupi, maana mafunzo yao hayafanani. Kama alikuwa fundi sanifu, andika fundi sanifu. Hakuna aibu, na mafundi wenzake watafurahi kuona hakuna aliyemwonea haya.

Kuwa na kigugumizi na maneno "wa kwanza" na "aligundua". Mfano mzuri wa mtu wa aina hii katika kumbukumbu za wazi ni Frank Whittle, rubani na mhandisi wa jeshi la anga la Uingereza, aliyeomba hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya injini ya jeti Januari 1930 na kustaafu mwaka 1948 akiwa Air Commodore. Ndege ya Gloster E.28/39 yenye injini yake iliruka tarehe 15 Mei 1941. Lakini Ujerumani ilikuwa imesharusha He 178, yenye injini ya Hans von Ohain, tarehe 27 Agosti 1939. Zaidi ya hayo, aliyeirusha E.28/39 siku hiyo ni Gerry Sayer, si Whittle. Ukisema "alirusha ndege ya kwanza ya jeti duniani" umekosea mara mbili katika sentensi moja. Ukisema alichofanya kweli, heshima yake haipungui hata chembe. Hivyo hivyo kwa mzee wenu: kama jina lake liko kwenye hataza pamoja na wengine wawili, watajwe wote.

Ili kueleza kazi ya uhandisi kwa watu wasio wahandisi, pata majibu matatu: kitu gani kilikuwa kinaharibika, kwa nini, na yeye alibadilisha nini. Usiridhike na "aliboresha mfumo wa matengenezo". Uliza hadi upate kitu kinachoshikika: tundu la ribiti (msumari wa kuunganishia mabati), bomba, waya, ukurasa wa kitabu cha matengenezo.

Michoro na ripoti zenye mhuri wa siri haziingii kwenye wasifu hata kama ni za zamani na hata kama zilikuwa chini ya kitanda. Usizipige picha wala kuzituma kwenye kundi la familia. Zitie bahasha na uulize kikosi chake cha mwisho zirudishwe wapi.

Watu wa kuuliza

Marubani wenzake watakupa masimulizi; mafundi waliohudumia ndege yake watakupa ukweli. Fundi anajua nani alikuwa akirudi na ndege iliyopigwa mikikimikiki, nani aliandika kasoro kwa usahihi na nani aliandika tu "injini inasumbua". Tafuta angalau mmoja. Kuwahoji wawili pamoja ni bora kuliko mmoja mmoja, kwa sababu mmoja akikosea mwaka mwenzake humkatiza.

Swali la "alikuwa mtu wa namna gani?" huleta jibu la "alikuwa mtu wa watu". Badala yake uliza: alipofika kwenye ndege alianza kugusa nini? Kitu gani kilimkasirisha kwenye karakana? Alikataa kuruka lini? Wengi wao masikio yamechoka kwa kelele za injini, kwa hiyo kaa mbele yao wakuone midomo, zima feni na redio, na weka simu ya kurekodi juu ya kitambaa kilichokunjwa isipokee mtetemo wa meza. Andika ulichorekodi ndani ya siku tatu, wakati bado unakumbuka nani alicheka wapi.

Kuhusu ajali, shika alichohitimisha uchunguzi na usimwongezee mtu lawama. Kama mwenzake alikufa, familia yake nayo itausoma wasifu huu. "Alijirusha kwa kiti" na "aliruka kwa parachuti" ni vitu viwili tofauti. Hakikisha ndege ilikuwa na kiti cha aina hiyo.

Kuandika

Wasifu wa kusomwa makaburini au ibadani usizidi maneno 700, ambayo kwa msomaji asiyekimbia ni kama dakika saba. Toleo refu la familia liandike baadaye, bila haraka. Ndani ya maneno 700, chagua safari moja na tatizo moja la uhandisi, uyaeleze kwa karibu; mengine yote yawe mstari mmoja mmoja.

Tazama tofauti. Aya ya kawaida: "Marehemu alikuwa rubani shupavu na mhandisi mwenye kipaji aliyeipenda kazi yake." Sasa aya iliyotoka kwenye makaratasi, kwa mfano wa kubuni: "Mwaka 1981, baada ya miaka tisa ya kurusha ndege za mizigo, alirudi darasani kusomea uhandisi. Aliporejea kikosini alikuta ufa unaoanzia kwenye tundu la ribiti karibu na mlango wa mizigo, na ndege tatu zilikuwa nao mahali palepale. Mafundi walikuwa wakitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, na ufa ukaanzia kando. Yeye alijua, kwa kuwa alizirusha ndege hizo, kwamba mlango huo hutetemeka unapofunguliwa ndege ikiwa bado ina kasi. Akapendekeza kasi ya kuufungua ipunguzwe. Nyufa mpya hazikutokea." Katika aya ya pili hakuna neno la sifa hata moja, na kila mtu amemwona.

Miaka ya baada ya kustaafu usiiruke. Wengi huandika "alistaafu 1994" kisha sentensi inayofuata ni hospitali. Kama alitengeneza redio za majirani au alipanga bisibisi kwa ukubwa na kuchora umbo la kila moja ukutani ili ajue iliyokosekana, hilo ni uhandisi pia, na wajukuu ndio waliouona.

Siku yenyewe, na baadaye

Karatasi ya kusomea iwe na herufi za ukubwa wa 16, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja tu. Majina ya ndege yaandike jinsi yanavyotamkwa, baada ya kuwauliza wenzake waliyaitaje. Kama jeshi limekubali ndege zipite, moja ikiacha kundi na kupanda juu, fahamu kwamba dakika ya kupita haiko mikononi mwenu: msomaji awe na mahali pawili palipowekwa alama anapoweza kunyamaza na kuendelea bila kupoteza mstari. Na mawingu yakiwa chini hazitakuja, kwa hiyo usiitangaze kwenye ratiba iliyochapishwa.

Picha za karatasi zipitishe kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, slaidi za milimita 35 kwa 2,400 au zaidi, zihifadhiwe kama faili za aina ya TIFF. Picha zilizogandia kwenye albamu zenye gundi usizibandue. Zipitishe pamoja na ukurasa wake. Logibuku lipige picha ukurasa kwa ukurasa kando ya dirisha, bila mwako wa kamera, na kila faili lipewe jina la mwaka, mwezi na ukurasa, kwa mfano 1974-08_uk23. Nakala ziwe tatu, katika nyumba mbili tofauti. Daftari lenyewe litoe pini na klipu za chuma kabla hazijaota kutu, usilitie plastiki wala utepe wa gundi, lilaze ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, mbali na dari na jiko. Kwenye karatasi ya pembeni, si ndani ya daftari, andika kwa penseli jina lake kamili, vikosi vyake, na jina la aliyebaki nalo.